Daktari mpya, mwanasesere na mtoto mchanga

Zamani daktari tarajali aliitazama kazi mara moja, akaifanya mara ya pili, na mara ya tatu akamfundisha mwenzake. Aliyelipa karo ya masomo hayo ni mgonjwa. Kwa mtoto mchanga karo hiyo ni nzito. Sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo ikikosea njia, maji huchanganyika na damu, majibu ya maabara huwa magumu kufasiriwa, na pengine mtoto huchomwa tena au hupewa dawa za homa ya uti wa mgongo asizozihitaji. Wanaotetea mafunzo kwa mwanasesere, yaani kifaa chenye umbo la mtoto ambacho daktari hufanyia mazoezi, wana hoja ya haki, si ya ufundi tu: makosa ya mwanzo yamwangukie asiyeumia.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics, uliowahusisha madaktari tarajali wa Marekani, haukuona kwamba waliofanya mazoezi kwa mwanasesere walifanikiwa zaidi kuwatoa watoto halisi maji hayo kuliko wenzao. Sioni ajabu. Mwanasesere hajikunji wala halii, na mama yake hasimami pembeni akihesabu majaribio. Isitoshe, kufanikiwa kwa sindano hiyo hutegemea sana anayemshika mtoto, na huyo mara nyingi hakualikwa kwenye mafunzo.

Je, vifaa hivyo vifungiwe kabatini? Hospitali ya Haydom nchini Tanzania inatoa jibu lenye manufaa zaidi kuliko mabishano ya jumla. Huko mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliboresha utendaji kwa mwanasesere, lakini huduma katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Yalipoletwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua. Kwa mizani yangu, kilicholeta tofauti ni kurudia, tena karibu na kitanda, wala si ubora wa mwanasesere, ingawa bajeti nyingi huishia kwenye kifaa.

Ninachokipinga ni cheti kinachomruhusu daktari kufanya peke yake kwa sababu tu alifaulu kwa mwanasesere. Kufaulu mbele ya mwanasesere kumpe daktari ruhusa ya kumgusa mtoto akiwa na msimamizi ubavuni, na ruhusa ya kufanya peke yake isubiri idadi ya watoto aliowahudumia vyema huku akitazamwa.