Mwendo wa kobe wa kompyuta za atomu

Mjadala wa kompyuta za kwanta ukifika kwenye atomu zisizo na chaji, hoja inayotangulia ni mwendo. Chipu ya Willow, ambayo Google waliitangaza Desemba 2024, humaliza duru moja ya kukagua makosa kwa mikrosekunde 1.1. Mtambo wa atomu unahitaji takriban milisekunde 1. Tofauti ni karibu mara elfu moja, na wengi hufunga faili hapo.

Tarakimu yenyewe ni ya kweli. Tatizo ni matumizi yake.

Tazama kwanza muda unakwenda wapi. Ndani ya ombwe, kila atomu ya rubidiamu ni kyubiti moja, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa ya kwanta, nayo imeshikwa na kibano cha mwanga, yaani kinukta cha leza. Ili kupiga lango la kyubiti mbili, yaani hatua moja ya hesabu inayozihusisha zote mbili, atomu mbili husogezwa hadi zikaribiane kwa mikrometa chache, kisha leza huzipandisha kwenye hali ya Rydberg, ambako atomu huvimba na kuhisiana. Lango lenyewe halifikishi hata mikrosekunde 1. Vinavyokula muda ni safari na usomaji. Ukiikokota atomu kwa pupa inapata joto na kuponyoka kwenye kibano, kwa hiyo safari moja huchukua mamia ya mikrosekunde. Kwenye usomaji, kamera lazima ikusanye fotoni (chembe za mwanga) za kutosha: ukizidisha mwanga unaifukuza atomu, ukiupunguza hujui kama kibano kina atomu au ni kitupu.

Lakini safari hiyohiyo ndiyo inayorudisha gharama. Kwenye chipu ya superkondakta kama Willow, iliyoundwa kwa saketi zinazopitisha umeme bila ukinzani, kyubiti hazitoki zilipo, na kila moja inaongea na majirani zake tu. Ukitaka kuunganisha kyubiti mbili za kimantiki, ambazo kila moja ni kundi la kyubiti ghafi zinazolindana, unashona kingo za makundi hayo na kurudia ukaguzi mara nyingi, kwa sababu kipimo kimoja chenyewe kinaweza kudanganya. Msimbo, yaani mpango wa kulindana huko, ukiwa na umbali wa 25 (kipimo cha ukubwa wa ulinzi wake) unadai duru zipatazo 25 kwa tendo moja. Atomu hazina kero hiyo. Kundi zima linabebwa na kuwekwa kando ya jingine, atomu kwa atomu, na mpigo mmoja wa leza unapiga lango kwenye jozi zote. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, kampuni ya QuEra na wenzao walionyesha kinadharia kwamba dekoda, yaani programu inayotafsiri ukaguzi na kubaini makosa, ikiyasoma makundi yote kwa pamoja, takriban duru moja kwa kila lango inatosha. Ile elfu imeshuka hadi kama arobaini.

Arobaini si haba, nakubali. Basi tuchukue kazi moja kamili: kuvunja ufunguo wa biti 2048 wa RSA, mfumo wa usimbaji unaolinda siri mtandaoni. Mei 2025 Craig Gidney wa Google alikadiria kyubiti pungufu ya milioni 1 na muda usiofika wiki moja, kwa duru za mikrosekunde 1. Mwaka huohuo makadirio ya upande wa atomu yalitoka na kyubiti milioni 19 na siku 5.6, kwa duru za milisekunde 1. Muda ni uleule! Siku 5.6 ni duru milioni 484 hivi, basi. Ucheleweshaji haukuyeyuka, umelipiwa kwa idadi. Kwa hiyo anayetaka kuzipinga atomu aachane na saa ya mkononi, aulize hizo milioni 19 zitatoka wapi.

Na hilo ni swali gumu. Watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, walishika atomu 6,100 kwa pamoja mwaka 2025. Kutoka hapo hadi milioni 19 ni zaidi ya mara 3,000, na wala uwanda wa lenzi wala nguvu ya leza haviongezeki bure. Faida ni kwamba atomu hazitofautiani kiwandani, na hakuna waya wa kupeleka kwa kila moja. Faida nyingine husahaulika: baadhi ya makosa yake yanaweza kuwa na anwani. Kundi la Princeton lilikokotoa mwaka 2022 kwamba kwa atomu za iterbiamu, asilimia 98 ya makosa yakigeuzwa kuwa ya aina inayojulikana yametokea wapi, kizingiti cha msimbo wa uso (msimbo unaopanga kyubiti kama gridi), yaani kiwango cha makosa ambacho chini yake kukuza msimbo kunasaidia, kinapanda kutoka asilimia 0.94 hadi 4.15. Kusahihisha kosa unalojua lilipo ni kazi nyepesi mno kuliko kulisaka.

Wapinzani wana haki kwenye mambo mawili. Zile kyubiti 48 za kimantiki za Harvard, Desemba 2023, zilitumia vipande vya atomu 8 vyenye kyubiti 3 kila kimoja, kwa msimbo unaogundua kosa bila kuweza kulisahihisha. Matokeo mazuri yalipatikana kwa kutupa majaribio yaliyoharibika. Kutupa huko hakuwezi kukufikisha duru milioni 484. (Tangu hapo wamefanya msimbo wa uso wenyewe, kwa mtambo wa atomu 448, na kosa likapungua msimbo ulipokuzwa, kama kwenye Willow.) La pili ni kazi zenye hatua ndefu zinazosubiriana: hatua trilioni 1 za milisekunde 1 ni zaidi ya miaka 31, na hapo hakuna idadi ya atomu itakayokuokoa.

Kinachonitia shaka zaidi ya mwendo ni upungufu wa atomu zenyewe, kwani zinapotea kazi ikiendelea na lazima zijazwe. Mwaka 2025 Harvard waliendesha safu ya atomu zaidi ya 3,000 kwa zaidi ya saa 2 mfululizo, wakijaza mapengo bila kuzivuruga zilizobaki. Siku 5.6 ni saa 134, na safu ile ilikuwa inajazwa tu. Haikuwa ikisahihisha makosa.