Kabla ya Kuongeza Farasi, Tazameni Difu

Wapenzi wa magari ya kasi hapa Dar es Salaam wanapozungumzia gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mazungumzo huanzia na kuishia kwenye injini na farasi zake, yaani kipimo cha nguvu yake: tabo (pampu ya kusukuma hewa kwenye injini) kubwa zaidi, programu mpya ya kompyuta ya gari, ekzosi pana. Maoni yangu ni kwamba fedha ya kwanza ingepaswa kwenda kwenye difu, yaani seti ya gia inayogawa nguvu ya injini kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, kwa sababu nguvu ambayo tairi za mbele haziwezi kuishusha barabarani ni nguvu iliyopotea, hata kama mafuta yake yamekwisha kulipiwa.

Difu ya kawaida ipo kwa sababu ya msingi: kwenye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, hivyo ni lazima mawili hayo yaweze kuzunguka kwa mwendo tofauti. Kasoro yake ni kwamba huzipa pande zote mbili nguvu ya kuzungusha iliyo sawa, na kiwango cha nguvu hiyo huamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Aliyepanda vilima vya Goba wakati wa masika ameliona jambo hili kwa macho, pale tairi moja ya mbele inapozunguka bure ikirusha tope huku ya upande wa pili, iliyo juu ya ardhi ngumu, haitikisiki. Kwenye lami hali ni ile ile. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kipilefti huzungukwa kwa kukata kulia, uzito wa gari hulalia kushoto, na gurudumu la mbele la kulia hubaki jepesi. Dereva akiongeza mafuta, hilo jepesi huteleza, lile lenye uzito hupokea kiasi kile kile kidogo, na pua ya gari huanza kutoka nje ya kona.

Difu inayozuia mtelezo ya aina ya gia hulitatua tatizo hili bila waya wala kompyuta. Ndani ya kasha lake mna pinioni, yaani gia ndogo, zenye meno ya mshazari, zimelazwa kwenye vyumba vilivyochongwa kuzibana vizuri, zikishikana na gia mbili ambazo shafti za magurudumu huchomekwa humo. Nguvu inapopita, umshazari wa meno huzisukuma gia kwenye kuta za kasha, na msuguano unaozaliwa hapo hulinyima gurudumu linalotaka kukimbia na kulipa nguvu lile linalozunguka polepole. Tuseme difu inaweza kutoa upande mmoja mara 2.5 ya upande mwingine. Gurudumu la ndani likimudu nyutoni mita 100 tu (nyutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), la nje linaweza kupokea hadi 250, jumla 350. Difu ya kawaida, katika kona hiyo hiyo, ingeishia 200. Na kwa kuwa gurudumu la nje sasa linasukuma zaidi, pua ya gari huvutwa kuelekea ndani ya kona, jambo ambalo hakuna tabo inayoweza kulileta.

Ina mpaka wake. Gurudumu likinyanyuka kabisa hewani, mara 2.5 ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana wanamashindano wengi huchagua difu ya sahani za klachi zilizobanwa na springi tangu mwanzo, ambayo hushika hata gurudumu moja likiwa hewani. Kwa gari la barabarani mimi siipendekezi: sahani huchakaa, unga wake huingia kwenye oili ambayo mara nyingi ni ya giaboksi nzima, na kwenye kona za polepole usukani huwa mzito. Honda waliweka difu ya gia kwenye Integra Type R ya mwaka 1995 na Civic Type R ya 1997, na gari hizo hadi leo zinasifiwa kwa jinsi zinavyokata kona kuliko kwa idadi ya farasi.

Gharama yake huonekana kwenye usukani, maana upande mmoja ukipewa nguvu zaidi ya mwingine, usukani nao huvutwa. Ford walipotoa Focus RS ya mwaka 2009, yenye farasi zaidi ya 300 kwenye magurudumu ya mbele peke yake, walilazimika kubadili muundo wa kifundo cha gurudumu ili mvuto huo upungue. Anayefunga difu hii kwenye gari lenye bushi zilizokufa na boli jointi zinazocheza, yaani viungo vya magurudumu vilivyochoka, atailaumu bila haki.

Wapo wanaosema kompyuta ya breki inatosha, kwa kuwa hulikamata gurudumu linaloteleza na nguvu ikahamia upande wa pili. Ni kweli inasaidia, lakini inafanya hivyo kwa kuchoma pedi na kuigeuza nguvu ya injini kuwa joto. Volkswagen, waliokuwa na mfumo huo kwenye Golf GTI, bado waliongeza difu ya sahani inayoongozwa na kompyuta kwenye GTI Performance ya kizazi cha saba.

Kwa anayekwenda mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam kutafuta giaboksi ya mtumba, nisisitize jambo moja. Kipimo cha kunyanyua gari, kuweka gia na kuzungusha gurudumu moja kwa mkono huitambua difu ya sahani, kwa kuwa inagoma kuzunguka. Difu ya gia mara nyingi haitambuliki hivyo, kwani bila mzigo huacha gurudumu la pili lizunguke kinyume kama difu ya kawaida, na muuzaji anaweza kukuhakikishia lolote. Soma namba ya giaboksi, au mwombe fundi aifungue kabla hujalipa. Kisha nunua tairi mbili za mbele zenye saizi moja na uchakavu mmoja, kwa sababu tairi zinazotofautiana kimo huilazimisha difu kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka.