Ukiposti animesheni yako, umeionyesha au umeitupa?

Kuna kijana rafiki yangu hapa Kampala, alimaliza sanaa Makerere juzijuzi tu, ametengeneza animesheni ya dakika moja na sekunde 40 kwa kutumia lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Baganda wanazikia watu wao na kuvaa kwa mambo ya kimila. Anakata vipande, anavipanga chini ya simu aliyoifunga kwa waya, anapiga picha, anasogeza kidogo, anapiga tena. Picha 12 kwa kila sekunde, hesabu mwenyewe, ni picha 1,200, na umeme ukienda katikati mwanga unabadilika anarudia hicho kipande chote. Miezi minne hiyo. Alafu akaja kuniuliza, kaka, niiposti ama nisiiposti?

Mi nikamjibu haraka haraka, posti bwana, unangoja nini. Wiki moja baadaye nikaanza kujilaumu, na sasa sijui vizuri niko upande gani, ndo maana naandika.

Tuanze na upande wa kuposti maana ndo upande wenye ushahidi mkubwa hapa kwetu. Wakaliga, ile studio ya filamu ya mtaani hapa Kampala. Mwenyewe, Isaac Nabwana, alikuwa anatengeneza filamu zake za mapigano kwa kompyuta alizounga mwenyewe, pesa ya kuokoteza, na mwaka 2010 ile trela ya filamu yake Who Killed Captain Alex ikaingia YouTube. Hakuna tamasha lililomgundua, hakuna profesa. Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, aliiona hiyo trela huko New York akapanda ndege akaja Kampala kumtafuta. 2022 Wakaliga wakaalikwa documenta ya 15, maonyesho ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, ambayo kwa watu wa sanaa ya sasa ni kama Kombe la Dunia. Njia nzima hiyo ilianzia kwa kavideo ka YouTube.

Najua kuna mtu atasema hizo ni kung fu na bunduki za mbao, si sanaa ya majaribio, ile inayochezea namna yenyewe ya kutengeneza picha. Sawa, lakini fikiria VJ. Mtu amekaa na maiki anaongea juu ya filamu ya mtu mwingine, anatafsiri, anadanganya, anataja majina ya watu wa mtaani, anacheka muigizaji akipigwa, na sauti yake inakuwa sehemu ya filamu yenyewe. Kama hiyo ingeanzishwa na msanii wa Berlin kwa chumba cheupe, ingeshaandikiwa vitabu. Sisi tunaiona kila siku kwa kibanda cha video kwa bei ya soda, tunaita burudani tu.

Na kuna kitu kingine kuhusu Captain Alex ambacho watu hawakitaji sana. Ile nakala ya mwanzo, isiyo na sauti ya VJ Emmie, haipo tena. Nabwana alihitaji nafasi kwa kompyuta atengeneze filamu inayofuata, akaifuta. Iliyobaki ni ile ya VJ, na hiyo iko mtandaoni dunia nzima inaiangalia. Kwa hiyo mtu akiniambia mtandao unaharibu kazi, namuuliza, na hadi-diski yako je? Kompyuta za hapa zinakufa kwa umeme kupanda na kushuka, flashi zinapotea kwa boda, laptopu inaibiwa Old Taxi Park mchana kweupe. Bila nakala kule nje wasanii wetu wengi wangebaki na stori tu za "niliwahi kutengeneza".

Basi kijana akaposti. Sasa nikuambie kilichotokea.

Kwanza picha yenyewe. Niliiona mwanzo kwa laptopu yake, unaona kila uzi wa lubugo, ile rangi ya udongo mwekundu inapumua, mti unainuka kutoka kwa kitambaa unaanza kutembea, nywele zilinisimama. Alafu nikaiona kwa simu baada ya kupostiwa. Uji. Uji wa ulezi uliomwagika mezani. Nilifikiri ni mtandao wangu, nikapanda juu ya nyumba kutafuta netiweki, uji ule ule.

Sababu yake si uchawi. Video ikienda mtandaoni haitumwi picha moja moja kama picha za harusi. Programu inatunza picha moja nzima, kwa zinazofuata inaandika tu nini kimebadilika. Mtangazaji wa habari amekaa, ukuta wa nyuma ni ule ule, midomo tu inacheza, hiyo kazi rahisi sana kwa hiyo programu. Lakini huyu mtu wa lubugo kila picha ni mpya, mpaka mandhari ya nyuma ni lubugo imesogezwa kidogo kwa mkono, kila uzi umehama. Programu inaona vurugu. Na kwa vile imepewa kiasi fulani tu cha data kwa sekunde, inaanza kutupa vile vidogo vidogo. Vidogo vidogo ndo ilikuwa filamu yenyewe! Hii inawapiga sana watu wa majaribio kuliko wengine, kwa sababu wao ndo wanacheza na chembe, mikwaruzo, mwanga unaopepesa, alama za kufutwa. William Kentridge wa Johannesburg tangu 1989 anachora kwa mkaa, anafuta, anachora juu ya palipofutwa, na utamu wote uko kwa kale kauchafu kanakobaki. Kaone kwa simu ya bei ndogo, kwa bando linaloisha, utafikiri kioo ni kichafu utaanza kupangusa.

Pili, watu. Mtu mmoja aliuliza, imekatika ama ndo ilivyo? Mwingine, wa pili tu kuandika, akauliza "umetumia AI gani?" Miezi minne. Picha 1,200. AI gani. Kijana hakujibu, alizima simu akaenda kulala, na mimi ndo nilikuwa nimemwambia posti bwana. Lakini simlaumu aliyeuliza. Siku hizi ukifungua simu video nyingi zimetoka kwa mashine, mtu amezoea kuona nyani anapika chapati, sasa atajuaje kwamba huu mti uliguswa na vidole? Kwa laptopu ungejua. Kwa uji, ukishapoteza nyuzi na vile vivuli vya vidole, hata mimi nisingejua.

Pesa naipita haraka maana inasikitisha. YouTube ili uanze kugawana matangazo kwa video za kawaida unatakiwa watu 1,000 wamejiunga na chaneli yako na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Filamu ya sekunde 100, ili ifike saa 4,000 inatakiwa itazamwe mwanzo mpaka mwisho mara 144,000. Ama upitie video fupi, mara milioni 10 kwa siku 90. Mtu wa lubugo atengeneze nyingine ngapi, na miti ya mutuba yenyewe ni mingapi?

Na mtazamaji naye analipa. Hii watu wa Ulaya wakiandika kuhusu sanaa ya mtandaoni hawaikumbuki kabisa, wanasema "bure". Bure ya nani? Hapa tulilipa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, ikaondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Mtu akifungua filamu yako ya ajabu ajabu amekata kwa bando lake ambalo lilikuwa la kuongea na dada yake aliye kyeyo, vibarua vya nje, kule Dubai. Sekunde tatu hajaelewa, amepita. Mi simwiti mjinga.

Alafu usitegemee nyumba ambayo si yako. Facebook ilifungwa hapa Januari 2021 siku za uchaguzi, miaka ikapita haijafunguliwa, unaingia kwa VPN, programu ya kuzunguka kizuizi, kama mwizi. Wasanii wa rika langu ndo walikuwa wameweka kila kitu pale, albamu, video, majina ya wanunuzi. Kwa hiyo kule juu nilisema mtandao unatunza, ni kweli, lakini unatunza kama mtu anayekutunzia ng'ombe wako kwake kijijini, siku akifunga geti unaongea na ng'ombe kupitia ua.

Wenye majumba ya sanaa wana njia yao. Video inauzwa kwa nakala chache, tano ama tatu, kila moja na cheti, mtandaoni inawekwa kipande tu, ama yote lakini kwa neno la siri. Na matamasha mengi yanataka kitu ambacho hakijaonekana popote, ukishaposti umejitoa mwenyewe. Mi naielewa hiyo biashara. Tatizo ni kwamba kuingia huko nako unahitaji mtu akujue, na watakujuaje kama hujaposti? Tunazunguka mti. Kampala tuna sehemu za sanaa, tuna Nommo pale Nakasero, tuna 32° East kule Kabalagala, sehemu nzuri, nimeenda zote, lakini niliokutana nao huko ni wale wale wasanii wenyewe na wazungu wawili watatu, jirani yangu wa Kisenyi sijawahi kumkuta.

Sasa kuna wazo limenikaa kichwani. Hawa wakubwa wa majaribio hawakupigana na kifaa chao, walikitumia. Len Lye 1935 hakuwa na pesa ya kamera akapaka rangi moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu. Nam June Paik 1965 aliweka sumaku juu ya televisheni, picha ikapinda, na hiyo ndo ikawa kazi. Je sisi kifaa chetu si hii simu yenye kioo kimepasuka? Kama programu inakula nyuzi, tengeneza kwa maumbo makubwa, rangi bapa, vivuli. Lotte Reiniger alitengeneza filamu nzima kwa vivuli vya karatasi iliyokatwa kwa mkasi, ikatoka 1926, na hizo ukiziweka kwa simu mbovu bado zinasimama. Kama watu wanaangalia bila sauti wakiwa kwa teksi, usiweke uzito kwa sauti. Kama inajirudia yenyewe, fanya mwisho ushikane na mwanzo. Ule uji wenyewe, mbona usiwe staili?

Nikamwambia hivo kijana akanikatalia. Alisema, kaka, hiyo inamaanisha ntachagua lubugo ama kitenge kulingana na kile programu ya California inaweza kumeza. Nikakosa la kusema, maana ni kweli. Kitu kikubwa cha mtandao ni kwamba haukukatazi, unakupinda tu taratibu, leo umefupisha, kesho umeweka uso wa mtu sekunde ya kwanza kwa sababu nyuso zinashika watu, keshokutwa unacheza dansi mbele ya animesheni yako mwenyewe. Mi bado naona wa kutengenezea simu watengeneze, wapo watakaofanya makubwa humo. Ila yeye si kazi yake, na nilikosea kumpa jibu moja kama vile kazi zote ni moja.

Tulichokubaliana ni hivi. Filamu akaiondoa mtandaoni. Badala yake akaweka video ya mikono, vidole vyake vinasogeza lubugo, simu kwa waya, kucha chafu, na maneno kwa Kiswahili. Hapo hakuna aliyeuliza AI. Watu wa Mombasa na Goma wakaanza kuuliza ni kitambaa gani hicho, Mkongo mmoja akasema kwao wanacho. Kiswahili kwa Kampala wengine bado wanakisikia kama cha afande, lakini kwa mtandao kimetuvusha mipaka miwili bila pasipoti, hilo nalipa haki yake.

Na filamu yenyewe tuliipeleka kwa kibanda kimoja Kisenyi, kwa flashi, Jumamosi, tukamwomba mwenye kibanda aichomeke mapumziko ya mechi. Alitaka kwanza kujua kama ina uchi. Projekta yake ni ya kizamani na ukuta una nyufa, lakini nyuzi zilionekana zote, kubwa kama kamba. Dakika ya kwanza watu walikuwa wanaongea mambo ya penalti, wengine wametoka kununua rolex, ile chapati ya mayai. Alafu VJ wa pale, ambaye hakuna aliyemwomba, akashika maiki. "Omuti gutambula!" Mti unatembea. Akaupa mti jina, akasema unatoka kijijini unamtafuta mtu aliyeukwangua gome bila kuulipa, kila ukisogea anauliza watu, umfikie ama ushindwe? Wakapiga kelele ufike. Hiyo stori kijana hakuiwaza kamwe, alikuwa amekaa nyuma ameshika kichwa, sijui kwa furaha ama kwa hasira.

Mechi ikarudi. Wakati wa kutoka mtu mmoja, mshona viatu, akatushika mlangoni akatoa simu yake akauliza ile ya mti mnaweka kwa memori kadi kwa ngapi. Tukaangaliana. Kijana akasema elfu moja, kisha akabadilisha haraka, mia tano.