Mursik, kopo la kemisti na H. pylori

Hapa Nakuru ukisema tu tumbo inakuchoma, kabla umalize mtu ashakuambia hiyo ni ulsa, kunywa mursik, ile maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin. Siku hizi na kemisti ameingia, anakuuzia kopo la probiotiki, yaani bakteria hai za faida, bei ya kuku wawili na anaapa litamaliza H. pylori, kile kijidudu cha tumbo kinacholeta ulsa. Shemeji yangu aliamini, akaacha antibiotiki siku ya tano juu zilikuwa zinamharisha, akabaki na kopo.

Sasa wanaotetea hizi bakteria hawaongei upuzi. Zinatoa asidi ambayo vijidudu vibaya havipendi, zinapigania nafasi kwa ukuta wa utumbo, na zingine zinatuliza kinga ya mwili isiwake ovyo, ndio uvimbe unapungua. Na si nadharia tu. Kule India vijijini watoto wachanga zaidi ya 4,500 waligawanywa, wengine wakapewa Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kulisha hizo bakteria, siku saba tu, na matokeo ya 2017 yakaonyesha waliopata maambukizi makali ya damu au kufa walishuka kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Hiyo si kidogo.

Alafu 2018 ikaja maji baridi. Watoto wa miezi mitatu hadi miaka minne hivi wenye kuhara na kutapika, 971 Marekani na 886 Kanada, wengine probiotiki wengine dawa tupu isiyo na kitu ndani, na hakuna tofauti, walipona siku zilezile. Na kule Marekani walitumia Lactobacillus rhamnosus GG, ile yenye jina kubwa kabisa!

Mimi sioni kama hizi habari zinagongana. Huko India walikuwa wanakinga mtoto ambaye utumbo wake bado ni shamba tupu, huku wengine wanatibu mtoto ambaye ashashikwa, na bakteria zenyewe si moja. Ni kama mahindi, ile mbegu ya 614 inakupea gunia Kitale lakini ipande Ahero kwa lile jua uone. Kwa hivyo mtu akikuambia "probiotiki inasaidia" muulize gani, na kwa ugonjwa gani, na wengi wa kaunta hapo wananyamaza.

H. pylori ndio sina shaka nayo. Barry Marshall wa Australia aliinywa mwenyewe 1984 kuonyesha inaumiza tumbo, yeye na Robin Warren wakapata Nobel 2005, na mpaka leo kinachoiua ni antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Probiotiki peke yake haiing'oi. Lakini ukiichanganya na hizo dawa inaweza kupunguza kuhara, na hapo ndio naona faida, juu mtu akikosa kuhara anamaliza dozi. Mtoto akihara naye ni ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na zinki kwanza, mala, yaani maziwa lala, ni chakula tu.

Mursik nayo, kabla mnirukie: kuna watafiti waliipima wakakuta asetaldehaidi, kemikali inayoshukiwa kwa saratani ya koo, na hiyo saratani iko juu upande wa Bomet. Kushukiwa si kuhukumiwa, mimi bado nakunywa.

Shemeji alirudi hospitali wakamwanzishia dawa upya. Saa hii anameza dawa zake na jioni anashushia ugali na mala ya packet, ya shilingi chache. Kopo bado liko juu ya friji, nusu.