Kadi ya mbegu isipoota, sahani tatu zitamtaja mkosaji

Lawama kubwa dhidi ya karatasi ya mbegu, yaani karatasi ya kutengenezwa kwa mkono yenye mbegu hai ndani yake, ni hii: kadi ya harusi ilisema "nipande", mtu akaipanda, akamwagilia wiki mbili, hakikuota kitu. Hapo hukumu hutoka haraka kwamba ni urembo tu, mbinu ya kuwatoza maharusi pesa zaidi kwa jina la mazingira. Wanaosema hivyo wana haki ya kukasirika, ila wanamkamata asiyehusika. Mara nyingi mbegu zilikufa kabla kadi haijamfikia mwalikwa, na zilikofia panajulikana.

Pa kwanza ni printa ya leza. Printa hii, sawa na mashine ya fotokopi, hugandisha wino wa unga kwa kupitisha karatasi kati ya rola zenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Mbegu ya mchicha ina upana wa milimita moja hivi; haina cha kuikinga na joto la namna hiyo. Chapa za dhahabu zinazopigwa kwa moto nazo ni vilevile. Tena vinundu vya mbegu hukwaruza ngoma ya printa, kwa hiyo mwenye steshenari naye anapata hasara. Kazi hii inataka uchapaji wa skrini, yaani wino wa maji unaosukumwa kupitia wavu bila joto, au mhuri wa mpira.

Pa pili ni kwenye ukaushaji, na hapa hata mafundi wazuri huteleza. Karatasi kuukuu huchanwa, hulowekwa usiku kucha, husagwa kwenye blenda, kisha rojo humiminwa kwenye beseni kwa kipimo cha gramu 100 za karatasi kavu kwa lita 5 za maji. Fremu yenye wavu huzamishwa na kuinuliwa na tabaka jembamba, ambalo hulazwa juu ya kitambaa. Mbegu hunyunyizwa hapo, juu ya tabaka bichi, kamwe si ndani ya blenda, maana visu vitazikata. Hufunikwa kwa tabaka la pili na kukamuliwa maji kwa sponji.

Tangu dakika hiyo mbegu inakunywa maji. Karatasi isipokauka ndani ya saa 24, mbegu inaanza kuamka, na ikikaukiwa katikati ya kuamka haiamki tena. Msimu wa masika hewa imejaa unyevu, karatasi inakaa siku tatu inanuka ukungu, na kwa macho ikishakauka inaonekana safi kabisa. Fundi mwenye haraka anaianika juu ya bati la moto, naye anaua mbegu kwa njia nyingine. Dawa ni kivuli penye upepo, tabaka jembamba, na feni ikibidi.

Kwa hiyo mnunuzi asibishane na mtu, achukue sahani tatu zenye kitambaa kibichi. Ya kwanza aweke mbegu 50 kutoka pakiti ileile aliyotumia fundi. Ya pili, vipande vya karatasi tupu, isiyochapwa, vyenye mbegu 50. Ya tatu, vipande vya kadi iliyokwisha kuchapwa, mbegu 50 pia. Azifunike zisikauke, ahesabu siku ya saba. Tuseme ya kwanza imeota 42, ya pili 38, ya tatu 2: mkosaji ni mchapaji. Ikiwa 42, 6 na 5, ni ukaushaji. Ikiwa zote tatu ziko chini, fundi aliuziwa mbegu mfu na yeye mwenyewe ameibiwa. Jaribio hili halihitaji maabara, na lifanyike kabla kadi zote hazijachapwa. Cha kusikitisha ni kwamba watu huhesabu bei ya kadi mara tano, mbegu zilizoota hawazihesabu hata mara moja.

Wapinzani wana hoja nyingine, nzito kuliko hiyo. Kadi ya A6 yenye uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba ina gramu 3 tu za karatasi. Karatasi ya kawaida ya A4 ina gramu 5. Kadi 300, basi, zinameza karatasi kuukuu zisizofika 190, chini ya nusu rimu. Hakuna msitu uliookolewa hapo, na anayedai hivyo kwenye tangazo anadanganya. Kadi inayotumwa kwa WhatsApp, yenye msimbo wa kukaguliwa mlangoni, haitumii karatasi kabisa. Hilo ni kweli, na kwa waalikwa wengi inatosha. Lakini kuna wakwe na wazee ambao kadi hupelekwa mkononi, na hao hawazidi 40. Kwao, karatasi ya mbegu inachukua nafasi ya kadi ngumu iliyofunikwa nailoni, ile isiyooza na isiyochakatwa tena kirahisi. Faida yake iko hapo. Hata isipopandwa, inaoza.

Bei nayo inaeleweka ukijua kinacholipiwa. Mbegu 30 za mchicha kwa kadi, kadi 300, ni mbegu 9,000, ambazo hazifiki gramu 10. Unalipia mikono. Ndiyo maana karatasi hii haifai kwa daftari, risiti wala faili, vitu vinavyotakiwa kudumu na kuandikwa kwa kalamu laini. Inafaa kwa kadi na lebo zenye maisha mafupi.

Jambo lisilokubalika ni mchanganyiko wa "maua ya porini" kutoka ng'ambo. Mbegu zilizo ndani ya karatasi bado ni mbegu. Kuziingiza nchini kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea, na nchini Tanzania anayehusika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Gugu karoti, gugu vamizi lililotoka ng'ambo, limeshawafundisha wakulima wa Arusha mmea mgeni unaweza kufanya nini. Mchicha, mnavu na rehani ni mbegu ndogo, zinaota upesi, na mpokeaji anajua la kuzifanyia.

Nyuma ya kadi kuandikwe jina la mmea, mwezi karatasi ilipotengenezwa, na maelekezo kamili: loweka usiku mmoja, chana vipande, laza juu ya udongo wenye samadi iliyooza, funika kwa udongo wa nusu sentimita, usiache ikauke hata siku moja wiki ya kwanza. Karatasi ikikauka inakuwa gamba gumu, na mche wa mchicha hauna nguvu ya kulitoboa.