Seli shina haihitaji dawa ili ijenge mfupa

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa matokeo ambayo hadi leo nayaona ya ajabu kuliko mengi yaliyofuata. Walichonga vishimo kwenye plastiki, upana nanomita 120, kina 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), wakaotesha juu yake seli shina za uboho wa binadamu, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa mfupa au mafuta. Vishimo vilipokaa kwenye mistari iliyonyooka, mfupa haukuonekana. Vilipovurugwa kidogo, kila kimoja kikisogea hadi nanomita 50 kutoka mahali pake, seli zikaanza kutengeneza madini ya mfupa. Dawa haikutiwa hata tone. Na kumbuka unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi!

Siri iko kwenye namna seli inavyoshika. Utando wake una protini ziitwazo integrini, na hizo hutafuta pa kujikusanya. Zikipata mahali hapo, seli hujitandaza, nyuzi zake za ndani hukaza, mvuto huo hufika hadi kwenye kiini na jeni za mfupa huamka. Seli iliyobaki mviringo huelekea zaidi kuwa mafuta.

Ndiyo maana naegemea upande wa uso wa kitu ambacho seli inakishika, si wa dawa. Protini ya BMP-2 iliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, na kweli inaotesha mfupa. Lakini mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko ikalazimika kutoa tahadhari: wagonjwa waliowekewa shingoni walivimba, wengine wakashindwa kupumua vizuri. Dawa husambaa. Kishimo hakiendi popote. Kwa hoja hiyohiyo sina haraka ya kushangilia chembechembe za nano, yaani ndogo mno, zinazobebeshwa dawa, maana nyingi huishia kwenye ini na wengu.

Hata hivyo, wenzangu tunaopenda habari hizi tunashangilia mapema mno. Rangi nyekundu inayoonyesha kalsiamu kwenye kisahani cha maabara si mfupa. Kisahani hakina mishipa ya damu, na ndani ya pengo la mfupa uliovunjika seli iliyo mbali na mshipa hufa njaa, hata ikiwa imeelekezwa vizuri namna gani. Tena pengo lina kina; plastiki ile ni bapa. Glasgow na wenzao walilijaribu hilo mwaka 2017 kwa kuzitikisa seli ndani ya jeli ya kolajeni, mara 1,000 kwa sekunde, kila mtikisiko ukiwa wa nanomita 30 hivi tu. Madini yakatokea. Napenda mwelekeo huo.

Ningekuwa na fedha za utafiti, ningeanza na vyuma vya titani ambavyo tayari madaktari wa mifupa huwawekea wagonjwa. Uso wake unaweza kuoteshwa mirija midogo ya nano kwa umeme na asidi, na mgonjwa haongezewi kitu kigeni ambacho hakikuwa kimepangwa kuingia mwilini mwake.