Mwenyekiti wa Halmashauri Apewe Meno

Ndugu zangu wa Newala, Tandahimba na kusini yote, tangu nihamie kijijini huku Ufaransa nimekuwa nikikitafakari sana cheo cha mwenyekiti wa halmashauri. Mkoani kwetu meya yuko Manispaa ya Mtwara Mikindani. Wilaya za vijijini zina mwenyekiti, anayechaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Wengi hudhani wenzetu wametuzidi kwa sababu humchagua meya wao moja kwa moja, lakini katika vijiji vya huku sivyo: wananchi huchagua madiwani kwa kipindi cha miaka 6, kisha madiwani wakamchagua meya, karibu sawasawa na sisi.

Tofauti iko kwenye mamlaka ya kutenda. Meya wa kijiji chetu, chenye watu wachache kuliko kata nyingi za Newala, husimamia watumishi, huidhinisha matumizi, hutoa vibali vya ujenzi na hata kufungisha ndoa, akiwa amevaa utepe wa rangi za bendera begani. Mtaro wa barabara yetu ulipoziba, jirani yangu, mama wa makamo, alikwenda kumwona asubuhi. Mchana meya mwenyewe alikuwa kando ya mtaro, kavaa mabuti ya mpira, anamwelekeza fundi.

Kwetu, paa la zahanati likivuja, mwenyekiti atalipokea lalamiko na kulifikisha kwenye vikao, lakini utekelezaji uko kwa mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais na anaweza kuhamishwa wakati wowote bila madiwani kuulizwa. Jambo hili huniuma zaidi msimu wa korosho, kwa kuwa ushuru unaoingia halmashauri umetoka kwenye jasho la mkulima, na yule aliyepigiwa kura na mkulima huyo siye mwenye kauli ya mwisho juu ya matumizi yake.

Ufaransa nayo ilikuwa na mkono mzito wa serikali kuu. Prefe, ambaye huteuliwa na Rais kama wakuu wetu wa mikoa, aliweza kuzuia maamuzi ya meya kabla hayajatekelezwa, mpaka sheria ya Machi 1982 ilipomwachia njia moja, yaani kwenda mahakama ya utawala akiona sheria imevunjwa. Mwaka huohuo sisi tulitunga Sheria Na. 7 iliyorejesha halmashauri za wilaya zilizofutwa 1972, lakini mkurugenzi tukamwacha mikononi mwa serikali kuu.

Najua hofu iliyopo, kwamba madiwani wakipewa nguvu watazitafuna fedha, na hofu hiyo ina msingi. Huku meya huidhinisha malipo tu. Anayelipa ni mhasibu wa serikali kuu, ambaye hukataa hati isiyokamilika. Nasi tufanye hivyo: mkurugenzi aajiriwe na baraza kwa usaili wa wazi na awajibike kwa mwenyekiti, mhasibu abaki wa serikali kuu, kwa kuwa Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.